Mwasumini Wenye Meno

Mimi ni mtunzi wa mashairi. Nalitamka hili mapema kwa sababu katika mtaa wetu, hapa Mji wa Kale, hakuna mtu mwingine atakayelitamka. Kazi inayonilisha ni kufundisha Kiswahili katika shule moja ya upili kule Tononoka, ambako wanafunzi wanajua kwamba nikichelewa kurudisha insha zao ni kwa kuwa nimeshikwa na shairi, nao hushukuru. Mashairi yenyewe huyapeleka magazetini, na magazeti hunyamaza. Kwa miaka mingi nimeuchukua ukimya huo kama namna ya heshima.

Kwa hivyo simu ilipolia alasiri ile, nikiwa barazani mbele ya nyumba na kikombe changu cha kahawa, sikushangaa hata kidogo. Nilichoshangaa ni kwamba ilichelewa.

Alikuwa msichana mwenye sauti ya adabu. Alinisalimu salamu zote, akauliza hali ya nyumbani na hali ya wazee, kisha akaeleza kwamba wao ni kundi la vijana wa sanaa. Walikuwa wakiandaa maonyesho katika nyumba moja kongwe karibu na Ngomeni, na mada ilikuwa binadamu na maumbile katika wakati huu wa mabadiliko ya tabianchi.

"Tumeambiwa hapo kwenu kuna mtunzi hodari," akasema. "Mtunzi wa tangu zamani, Mji wa Kale wote wamjua."

Nikakohoa. Nikamwambia kwamba aliyemwambia hakusema uongo.

"Basi tungeomba atutungie kitu cha asmini."

Nililipenda lile "atutungie". Nilidhani ni malezi mema, kwamba mtoto wa watu anaona haya kumwita mtu mzima "wewe" na badala yake anamzungumza kama hayupo. Nikamjibu kwamba kama ni asmini amefika penyewe, kwani uani kwetu kuna mwasmini unaonizidi mimi umri. Akafurahi kweli kweli, akasema ndiyo sababu wamepiga. Nikamuuliza wanataka kitu cha urefu gani.

"Kirefu. Cha kuning'inia kutoka darini hadi karibu na sakafu, ikiwezekana. Na tungependa atunge pale pale, watu wakitazama."

Hapo nilitoka kijasho. Kuning'inia nilikuelewa: wangelipiga chapa shairi langu kwenye kitambaa kirefu, wazo ambalo hata mimi lingenijia siku moja. Lakini kutunga papo kwa papo ni jambo la malenga wa kale, na mimi ubeti mmoja hunichukua wiki, kisha wiki nyingine ya kuuonea haya. Nikasema hapana shida. Kabla sijakata simu nilikwisha amua kwamba nitatunga nyumbani, nitahifadhi, na siku yenyewe nitatazama dari kidogo kabla ya kila ubeti.

"Na uzi?" akauliza. "Tulete, ama uko?"

"Uzi upo," nikasema, moyoni nikimsifu kijana wa leo anayejua kwamba shairi lazima liwe na uzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Alinipa siku, nikamshukuru, nikaimaliza kahawa yangu nikiwa mtu mwingine.

Sasa nieleze habari za mwasmini, kwa maana haukuwa mti tu. Mama alikuja na kijiti chake kutoka kwao alipoolewa, akakipanda uani kando ya kisima, kikashika. Tangu hapo mabibi harusi wa mitaa yetu wamepambwa kwa asmini zake: vikuba vya kifuani, makoja ya shingoni, nyingine za kusukia nywele na nyingine za kutandaza kitandani. Nimekua nikimwona mama amekaa sebuleni na sindano na uzi, akizungumza na wageni, mikono ikifanya kazi bila yeye kuitazama. Ukitaka kumjua mama yangu, jua kwamba si mnyenyekevu. Akiona koja la mtu mwingine kwenye arusi hulinusa, hulirudisha, na hasemi kitu.

Lakini kisima kimeharibika. Wanaojua mambo haya wanasema bahari inapanda na kujipenyeza chini ya kisiwa, ikiingia visimani pole pole, na mimi siwezi kuwabishia kwa sababu nimeinywa chai yetu. Maji yamekolea chumvi hata sabuni haitoi povu. Mama ana presha, daktari amemkataza chumvi, na yeye akapika kwa maji ya kisima kwa ukaidi, eti yale yauzwayo kwa mkokoteni hayana ladha. Siku moja alipatwa na kizunguzungu kwenye ngazi, tukamkimbiza hospitali. Dada yangu, ambaye ni mdogo wangu lakini amezaliwa na akili ya mkubwa, akasema basi. Yeye anakaa Ganjoni, kwenye fleti yenye lifti na maji matamu ya mfereji, na chumba cha mama kilikuwa tayari.

Mama alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akaapa mbele yetu sote wawili. "Wallahi, siku mwasmini ule ukikoma kutoa, nitahama kwa miguu yangu. Lakini maadamu watoa, mtu asinitoe humu."

Kiapo cha mama si cha mchezo. Basi ikawa kila Ijumaa dada anakuja baada ya swala, anambusu mama mkono, anatazama bakuli la asmini lililo mezani, ananusa, anashusha pumzi, na anarudi Ganjoni peke yake. Mimi nilikuwa upande wa mama. Ningependa kusema ni kwa mapenzi, na mapenzi yalikuwapo, lakini pia nilikuwa nakula kwake na kulala kwake, na sikuwa na hakika kama kule Ganjoni kulikuwa na chumba kwa ajili ya mashairi yangu.

Nikaanza kutunga. Dirisha la chumba changu liko ghorofa ya juu na linatazama uani. Nikisogeza kiti naona kisima, kamba ya nguo, na kando ya kisima kijani cha mwasmini kikipanda ukutani. Uani penyewe sishuki. Pale ni milki ya mama na jiko lake. Nilifukuzwa pale kwa mwiko tangu utotoni, na nilipokuwa mtu mzima sikuona haja ya kukata rufani. Isitoshe, niliamini kwamba msanii hutazama kutoka mbali. Anayekwenda karibu na mti, niliwahi kuwaambia wanafunzi, ni fundi wa bustani.

Kila jioni nilikaa dirishani nikaukodolea macho ule mti kwa uchungu niliojitengenezea. Niliyaona majani yake, membamba, yamechongoka, pembeni yana meno meno mfano wa msumeno. Nilifurahi mno kuyaona meno hayo. Watu wameisifu asmini tangu enzi na enzi, nikajiambia, na hakuna aliyewahi kutaja meno. Ilibidi nizaliwe mimi. Nikaandika:

Majani yako ya meno, yaning'ata moyo wangu.

Mizani nane kila upande, unaweza kuhesabu. Siku hiyo sikusahihisha insha hata moja.

Neno tabianchi nilitaka liingie pia, kwa kuwa vijana walilitaja. Taabu ni kwamba ukilifanya kina huna pa kwenda ila kwenye nchi, wananchi na inchi. Kwa hiyo katika ubeti wa tatu bahari inapanda kwa inchi, jambo nisilolijua kama ni kweli. Wanaosema washairi hutia chumvi hawajui ni mara ngapi chumvi hiyo inatiwa na kina.

Lakini taabu kubwa ilikuwa mwisho. Shairi la namna hii linataka maiti. Huwezi kuwaita watu, ukawakalisha, ukawapa huzuni ya dunia nzima, halafu ukawaambia mti uko salama na unawasalimu. Ubeti wa mwisho niliuandika kabla ya ule wa kwanza:

Ewe mwasumini wetu, umekufa wasimama.

Ile "u" ya katikati niliiongeza kwa ajili ya mizani, tunaruhusiwa. Kilichobaki ni mwasmini wenyewe kulifuata shairi. Na haukufuata. Kila nikishuka kwa chakula cha jioni nakuta bakuli mezani, asmini nyeupe, zimefumba, zinangoja magharibi zifumbuke. Siku nyingine bakuli lilijaa pomoni. Nilikaa mbele yake nikala wali wangu kwa hasira.

"Watoa sana siku hizi," nilimwambia mama siku moja, na nadhani lawama ilisikika.

"Alhamdulillahi," akasema, akalisogeza bakuli upande wa pili wa meza.

Naam, nilikuwa nautakia mauti mti ambao ukifa mama yangu anatolewa nyumbani kwake. Ubaya zaidi ni kwamba nililijua hilo, nikajituliza kwa kusema sanaa ina gharama zake. Gharama yenyewe ilikuwa ya mama, lakini hilo sikulifikisha mwisho.

Mama alinisikia nikinong'ona peke yangu huko juu, na asubuhi moja akaniuliza. "Baba, waandika habari gani?"

"Mabadiliko ya tabianchi, mama."

"Tabia ya nti?" Nchi kwake ni nti, kama walivyosema wazee wake. "Nti ina tabia gani?"

Nikamweleza kwa kirefu, kwa sauti ya darasani: joto, mvua zinazokuja wakati si wake, bahari kuingia visimani. Akanywa chai yake. "Haya yote nayajua," akasema. "Sikujua tu kwamba ndiyo tabia."

Nikamwambia shairi ni la mwasmini wetu wa uani. Akakiweka kikombe chini.

"Huu wetu?"

"Huu huu."

"Kwani hapana budi usemwe mbele ya watu?"

Niliona ni haya. Mama, mwenye kunusa makoja ya wenzake, anaona haya kusifiwa. Nikaguswa na jambo hilo, na nikakusudia kuongeza ubeti wa kumsifu. Alichezea ukingo wa kisahani. Kisha akauliza ni siku gani, nikamwambia, akasema atakuja. Siku hizo alikuwa akitoka kila alasiri na kikapu chake, kumjulia hali shoga yake, alivyosema, na sikuwahi kumuuliza shoga huyo ana ugonjwa gani usiopona.

Siku ya maonyesho nilivaa kanzu mpya na kofia ya vito. Nilitangulia na mama, na dada akatukuta pale mlangoni akitokea kazini, amejifunga buibui lake la ofisini. Alikuja kwa ajili ya mama, lakini alinipongeza pia, na nilimpokea kama mtu anayepokea haki yake.

Nyumba ilijaa. Kulikuwa na wavu uliojaa chupa za plastiki, na picha za mikoko iliyokatwa, na kwenye meza moja jiwe la tumbawe ndani ya bakuli la maji, ambalo mgeni aliombwa aliombe radhi kwa niaba ya binadamu. Watu wanapita wanacheka. Mimi niliona msanii mwenzangu asivunjwe moyo, nikainama nikaliomba radhi jiwe, kwa Kiswahili sanifu, huku mama akinivuta kanzu.

Yule msichana wa simu nilimtambua kwa sauti. Alikuja mbio mikono wazi, nami nikatayarisha uso wa unyenyekevu, na akanipita. Akambusu mama mkono.

"Karibu, mama yetu. Tumekutandikia hapa."

Pale palikuwa na mkeka mpya, mto wa kuegemea, na sinia tupu la shaba. Juu yake, kwenye boriti, palikuwa na ndoana. Ukutani palikuwa na kibao kidogo chenye maandishi mazuri: Mtunzi wa Asmini, Mji wa Kale. Nililisoma lile neno "mtunzi", nikalisoma tena.

Kutunga. Maisha yangu yote nimesimama mbele ya watoto wa watu nikiwafundisha kwamba neno moja laweza kuwa na maana nyingi, na mfano wangu, ninaoutoa kila mwaka, ni huo huo: hutungwa shairi, hutungwa ushanga, hutungwa mimba, na jipu hutunga usaha. Mbele ya kibao kile niliona kwamba katika maana zote hizo ile inayonifaa ni ya mwisho.

"Hawa wataka nini?" mama akaniuliza.

"Wanataka utunge asmini, mama. Walikuwa wakikutaka wewe."

Alinitazama, akaitazama kanzu yangu mpya, akaelewa. Akacheka mpaka akaziba mdomo kwa ncha ya buibui. Dada alicheka pia. Kisha mama akafungua kikapu chake, akatoa kitambaa kilicholowa maji, na ndani yake asmini zimefumba, nyingi, na sindano na uzi.

"Nilikuja nazo za koja lako," akaniambia. "Nilisema ukimaliza kusoma nikuvishe."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Akaketi, akanyoosha miguu, akaanza. Watu walipunguza sauti wenyewe, bila kuambiwa. Alikuwa akiichukua asmini kwa vidole viwili, akiitoboa kwenye kikonyo, akiivuta, na kila mara akiwauliza wasichana waliomzunguka ni watoto wa nani na mama zao hawajambo. Koja likateremka kutoka mikononi mwake hadi kwenye sinia. Lilipofikia urefu wa kutosha vijana walilitundika kwenye ndoana naye akiwa bado anaendelea upande wa chini, na kwa kuwa jioni ilikuwa inakaribia, zile za juu zilianza kufumbuka na chumba kizima kikanuka arusi. Nilimwonea mama fahari, na nilimwonea wivu, kwa wakati mmoja, na hadi leo sijui ni kipi kilikuwa kikubwa.

Yule msichana alinihurumia. "Na mwalimu," akasema, "tumesikia nawe una kitu."

Mtu mwenye akili zake angesema la, asanteni, leo ni siku ya mama. Nilikuwa nimeshatoa karatasi.

Nilisoma. Nilitazama dari kabla ya kila ubeti, kama nilivyopanga, ingawa karatasi iliyokuwa mkononi haikuniacha nimdanganye yeyote. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa tatu, wenye inchi zake, ulipita pia, na mtu fulani hata aliguna kwa kukubali. Nikavimba. Nikafika kwenye meno, nikaisoma ile mishororo kwa sauti ya chini, ya mtu anayetoa siri.

Mbele yangu alikuwa amekaa mama mmoja mnene, simjui, mwenye leso begani. Akainua kidole. "Samahani, mwalimu. Mwasmini hauna meno."

Watu wakacheka.

"Jani lake pembeni ni laini," akaendelea, kwa upole kabisa. "Lenye meno ni la mwarobaini."

"Mama yangu," nikasema, "mti huu nautazama kila siku kwa dirisha langu."

"Basi watazama mwarobaini."

Kicheko kikazidi. Masikio yaliniwaka. Yule msichana, Mungu ampe heri, alinifungulia mlango wa kutokea: "Labda pana miti miwili, mwalimu? Imepandana?"

Ilikuwa ni kusema ndiyo tu. Neno moja. Lakini nilikuwa nimechekwa mbele ya umati na nikataka kushinda.

"Mmoja," nikasema. "Kando ya kisima chetu pana mti mmoja tu, na sihitaji kuambiwa na mtu kilichoko nyumbani kwetu."

Kicheko kilikatika upande mmoja wa chumba, upande aliokaa dada. Alikuwa ameinua kichwa. Hakunitazama mimi, alimtazama mama. Na mama, ambaye mikono yake sikuwahi kuiona ikisita, alikuwa ameshika sindano iliyoingia nusu ndani ya asmini na haitoki.

"Mama," dada akasema pole pole. "Mti mmoja?"

Mama akaisukuma sindano, akaivuta ile asmini kwenye uzi. "Ulikufa kabla ya mfungo," akasema. "Ule mwarobaini umejiotea wenyewe."

"Na hizi?"

"Marikiti. Kuna mama mmoja yuwaja nazo sokoni kutoka Kwale."

Mtu mmoja kule nyuma akapiga makofi. Alidhani ni sehemu ya sanaa. Wengine wakamfuata, na ndani ya makofi yale dada alikuwa analia na mama anaendelea kutunga, na mimi nimesimama katikati na karatasi yangu. Shairi sikulimaliza.

Tulirudi nyumbani wote watatu. Nikachukua tochi ya jikoni, nikashuka uani. Mwasmini ulikuwa pale, kama waya mweusi uliokauka, bado umefungwa ukutani kwa vipande vya leso ili usianguke. Shinani pake ardhi ilikuwa na ganda jeupe la chumvi. Na kando yake, umefika begani mwangu, una afya ya kuudhi, ulikuwa mwarobaini na meno yake yote. Nilikuwa nimeutungia ubeti mzima. Kisha nikafikiria jua la alasiri kutoka kwetu mpaka Marikiti, na mwanamke mwenye presha na kikapu, kila siku, ili bakuli lisionekane tupu, na mimi juu dirishani nikiulaumu mti kwa kuchanua. Nikalia pale pale, kando ya kisima.

Dada hakumlazimisha. Alisema tu, "Mama, ungeniambia," na mama akajibu kwamba ameapa na hawezi kuvunja kiapo chake kwa sababu ya miguu kuwa mizito. Mimi nilijaribu kumwokoa kwa ujuzi niliokuwa nao. Nilimweleza kwamba aliapa juu ya kukoma, na kukoma si kufa, kwa kuwa anayekoma ni yule awezaye kuendelea. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nenda kalale, baba," akasema.

Alihama wiki iliyofuata, nami nikaachiwa nyumba. Dada alitangulia na pikapu yenye kitanda na kabati, mimi na mama tukapanda tuk-tuk, yeye kikapu mapajani. Hakugeuka kuitazama nyumba. Tulipotoka kwenye vichochoro na kushika barabara akanigusa goti.

"Hukumaliza siku ile."

"Nini, mama?"

"Shairi lako."

"Si zuri."

"Soma."

Nalijua kwa moyo, si nilihifadhi. Nikasoma, sauti juu ya injini, dereva akinitazama kwenye kioo. Bahari ikapanda kwa inchi zake. Kisha nikafika mahali pale, nikapita haraka kwenda ubeti unaofuata.

"Umeruka," mama akasema. "Lile la meno."

"Lile ni kosa, mama. Lote ni kosa."

"Lisome."

Nikalisoma. Alikuwa ametazama nje, kichwa kimeinama upande wangu kidogo, kama anavyofanya mtu asiyetaka neno limpite. Nikaendelea hadi mwisho, hadi mwasumini wetu ukafa umesimama, na sauti yangu haikuwa nzuri tena. Sijawahi kuuonea aibu ubeti kama nilivyouonea ule, wala sijawahi kusikilizwa vile.

Tulikata kona ya Ganjoni. Mama akakisawazisha kikapu mapajani.

"Ule mwarobaini usiukate," akasema.

"Mbona, mama?"

"Utakosa cha kutazama."

Nikamwambia sitaukata. Dereva akauliza ni geti lipi, nikamwonyesha.